Jinsi ya kuunda mashua ndogo ya mfano ya kushushia askari na magari, kwa triplexi na mabaki ya chukudu

Kabla hujagusa msumeno, nenda ziwani na fimbo ya meta moja uliyoitia alama kila sentimeta kumi. Ingia hatua moja, pima kina. Ingia ya pili, pima tena. Huku Goma, sehemu nyingi, hutafika ya nne: mwamba wa volkano unakatika ghafla, na mbele yake ni Kivu, ziwa lenye kina cha zaidi ya meta 450. Ukipata mahali penye changarawe nyeusi panaposhuka taratibu, hapo ndipo bandari yako. Andika vipimo vyake kwa penseli juu ya kipande cha triplexi (mbao ya tabaka zilizogundishwa) ukiweke karibu, maana tutakirudia mara nyingi.

Nasema hivyo kwa sababu wengi huanza na picha. Wanaona mashua ya vita kwenye simu, wanaiga mbavu, rangi, hata namba zake, halafu siku ya kuishusha majini inaelea vizuri na haifai kwa kazi yoyote. Mashua ya kushushia askari na magari haina maringo ya kwenda mbali. Kazi yake nzima ni ya dakika chache: iguse nchi kavu bila kuvunjika, ifungue mlango wa mbele, itoe mzigo, kisha irudi kinyumenyume ikafuate mwingine. Kila kilichomo kinatokana na dakika hizo. Ukiujua ufuko, nusu ya mchoro unayo tayari.

Mimi ni seremala wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo. Mabaki ya mkaratusi na vipande vya matairi vilivyojaa karakanani ndivyo vilivyonitia katika mchezo huu, pamoja na vijana wa mtaa ambao likizo ikifika hawana pa kwenda. Mama mmoja jirani alisimama mlangoni akaniuliza: "Papa, hii vita tuliyoona haijatosha, mpaka ufundishe watoto kutengeneza ingine?" Swali lake ni la haki. Nilimwonyesha kilichokuwa ndani ya mashua: Fuso la bati na vifuko vya maharagwe. Umbo lililowapeleka askari Normandy, pwani ya Ufaransa, mwaka 1944, ndilo umbo la pantoni, na mtu wa kisiwa cha Idjwi angelipenda sana siku ana gari la kuvusha na gati hakuna. Tunaunda umbo, mzigo kila mtu atachagua wake.

Tutakayoiga ni ile ambayo jeshi la Marekani liliiita LCVP, na ambayo watu wengi wanaijua kwa jina la muundaji wake, Andrew Higgins wa New Orleans. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Higgins alikuwa akiunda mashua za maji machache kwa ajili ya vinamasi vya Louisiana, kwa watega wanyama wa ngozi na wachimba mafuta. Zilipanda juu ya magogo na kwenye kingo za matope, zikarudi nyuma na rafadha (panga la kusukumia mashua) nzima. Jeshi likazipenda, ila askari walilazimika kuruka kutoka ubavuni, na gari halikuweza kutoka kabisa. Wajapani walikuwa wametangulia: mwaka 1937, huko Shanghai, afisa kijana wa Marekani aitwaye Victor Krulak alipiga picha mashua zao zenye mlango wa mbele unaolala chini ukawa daraja. Mwaka 1941 Higgins akaikata omo, yaani sehemu ya mbele, ya mashua yake, akatia mlango wa namna hiyo. Zikaundwa zaidi ya 20,000. Na sehemu kubwa ya mwili wake ilikuwa triplexi! Hilo linanifurahisha kuliko yote. Fundi wa mbao hapa haigizi chuma, anafanya kilekile walichofanya wenyewe.

Sasa hesabu. Mashua halisi ina urefu wa meta 11 na upana wa meta 3.3. Tupu ina uzito wa tani 8.2 hivi, ikijaa tani 12. Inabeba watu 36, au gari moja la jipu (jeep) na watu 12, au mzigo wa tani 3.7. Nyuma inazama karibu sentimeta 90, mbele sentimeta 66. Sisi tunagawanya kwa 20: urefu sentimeta 55, upana 16 na nusu, kina cha nyuma 4 na nusu, cha mbele 3 na kidogo.

Uzito haugawanywi kwa 20. Unagawanywa kwa 20 mara tatu, yaani kwa 8,000, kwa kuwa umepunguza urefu, upana na kimo kwa pamoja. Hapa usiharakishe na vijana, waache wabishane mpaka wakubali wenyewe. Tani 8.2 zinakuwa kilo moja na gramu 25. Tani 12 zinakuwa kilo moja na nusu. Mzigo wote ni gramu 460, chini kidogo ya nusu kilo ya sukari. Jipu la tani 1.1 ni gramu 140, na askari mwenye kilo 100 pamoja na mizigo yake ni gramu 12 na nusu. Vipande 36 vya mkaratusi vya gramu hizo vikishapangwa ndani, ndipo mtoto anaelewa wale watu walivyobanana.

Tafuta triplexi ya milimeta 3. Kata mbavu mbili za urefu wa sentimeta 55 na kimo cha 10, ubao wa tezi (nyuma ya mashua) wenye upana wa 16 na kimo cha 10, na sakafu ya chini yenye upana wa 16 na nusu na urefu wa 58. Hizo sentimeta tatu za ziada ni kwa sababu sakafu itapinda kupanda mbele. Kwenye kila ubavu, sentimeta 14 kutoka omo, anza kuupandisha ukingo wa chini kwa mviringo mpaka mbele kabisa uwe umeinuka sentimeta 3. Mviringo huo ndio ulimi wa mashua, ndio utakaopanda changarawe. Ukiukata wima, mashua itajigonga na kusimama mbali, na gari lako litashukia kwenye maji.

Sakafu ya chini usiikate kiholela. Nyuzi za uso wa triplexi ziende kwa upana wa mashua, kutoka ubavu hadi ubavu, hapo mbao itakubali kupinda mbele bila kulia. Ukizielekeza kwa urefu, itapasuka. Lowesha ile sehemu ya mbele kwa maji ya moto, ifunge juu ya bidoni au sufuria kwa ukanda wa mpira wa tairi, iache mpaka kesho yake. Ikishakauka itabaki na umbo lake. Kwa kuwa nyuzi zimelala kwa upana, mashua itakuwa dhaifu kwa urefu, basi panga ndani fito mbili ndefu kutoka tezi hadi omo, na juu yake mataruma (vipande vya kukingama) ya mkaratusi kila baada ya sentimeta 9. Mkaratusi hupasuka ukiupiga msumari moja kwa moja, toboa kwanza. Wenye chukudu wanalijua hilo tangu utotoni.

Mbele, chini ya mlango, weka kipande kizito cha mbao nzima, chenye upana wa mashua na unene wa sentimeta 2. Higgins aliweka gogo la msonobari mahali hapohapo, na mashua zake zilikuwa zikigonga vigingi na kingo bila omo kufunguka. Hapa ndipo chombo kinapopigwa, kwa hiyo usibane matumizi. Nyuma, chini ya sakafu, gundisha mkuku wa pembetatu unaoanzia katikati na kufika tezi ukiwa na kimo cha sentimeta 2 na nusu. Kwenye mashua halisi unailinda rafadha. Kwenye yako utakuwa unaishika njia isiyumbe, na utakupa kile kina cha nyuma cha sentimeta 4 na nusu ambacho tutakihitaji kwenye jaribio.

Kole (gundi) nyeupe ya mbao haipendani na maji. Ukiwa na gundi ya mirija miwili ya kuchanganya, tumia hiyo kwenye maungo yote. Ukiwa na kole nyeupe tu, basi kalafati: chovya nyuzi za pamba kwenye rangi ya mafuta, zisukume ndani ya kila mwanya kwa ncha ya kisu, kisha paka rangi nje na ndani mara tatu, kila safari ukisubiri ikauke kabisa. Chini ya sakafu ya juu, ile atakayosimama askari, jaza vipande vya frigoliti, lile povu jeupe jepesi, kutoka kwenye maboksi ya televisheni. Mashua hata ikijaa maji haitapotea.

Mlango nautengeneza kwa bati la kopo la nyanya, nikilikunja mara mbili ili lisikate vidole. Upana wake sentimeta 11, kimo 8, na unaegemea mbele kidogo ukiwa umefungwa. Jipu halisi lina upana wa meta 1.57, kwa kipimo chetu ni karibu sentimeta 8, kwa hiyo linapita na nafasi inabaki. Bawaba ni njiti ya baiskeli iliyopita katika mikunjo ya bati. Kuzunguka ukingo gundisha ukanda wa mpira wa tyubu. Kamba mbili nyembamba zinatoka pembe za juu za mlango, zinapita kwenye vitundu vya mbavu, zinafika nyuma: ukizilegeza mlango unalala, ukizivuta unafunga. Jambo la kulinda kuliko yote ni bawaba ikae juu ya mstari wa maji hata mashua ikijaa. Mpira wa tyubu uachiwe mawimbi peke yake. Ukitegemea mpira uzuie ziwa, utasikia sauti ninayoisikia kila likizo: "Papa, maji iko inaingia!"

Sasa pima. Mashua tupu itakuja na gramu 600 au 700, na inapaswa kuwa kilo moja na gramu 25. Ziada hiyo weka nyuma, mahali pa mota, maana mashua halisi ilibeba huko mota ya dizeli ya nguvu za farasi 225. Usitumie mawe yetu meusi. Yamejaa matundu, yanakula nafasi na hayana uzito. Bolti kuukuu na plagi za pikipiki ni bora. Zifunge kwa waya zisitembee, kisha shusha mashua kwenye beseni, pakia zile gramu 460, chora mstari wa maji kwa penseli pande zote. Tezi izame zaidi ya omo kwa sentimeta moja na ushee. Sogeza mzigo mbele na uangalie mlango unavyozama, usogeze nyuma na uangalie omo inavyoinuka. Mshushaji wa kweli hupanga mzigo kwa kuwaza ufuko: gari linaingia kinyumenyume ili litoke likiangalia mbele, na kinachohitajika kwanza nchi kavu kinapakiwa mwisho.

Mota usinunue. Najua vijana watalia. Mota ya mchezo inakula betri na pesa, na inaficha somo. Mashua halisi, imepakia, ilikwenda nodi 9 (maili 9 za baharini kwa saa), karibu meta 4.6 kwa sekunde. Kwa mashua ndogo kasi inagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 20, yaani 4.5 hivi, unabaki na meta moja kwa sekunde. Hiyo ni mwendo wa mtu anayetembea. Funga mshipi wa kuvulia kwenye omo, mtu asimame nchi kavu avute huku akirudi nyuma kwa hatua za kawaida.

Kabla ya ziwa, tengeneza ufuko wa nyumbani. Chimba au zungushia matofali mahali pa meta 2 kwa moja, tandika turubai, mwaga mchanga ushuke kutoka sifuri hadi sentimeta 20. Jaza maji. Sehemu hii ichukue muda wako wote.

Jaribio la kwanza, vuta mashua iguse mchanga, mlango ulale, kisha mtoto mmoja apige mawimbi kwa ubao kutoka pembeni. Tezi itayumba, mashua itageuka ubavu, na wimbi la tatu au la nne litaingia ndani. Mashua ya Higgins ilijizuia kwa kuacha mota ikisukuma mbele muda wote wa kushusha. Vyombo vikubwa, kama LST za urefu wa meta 100 zilizobeba vifaru, vilitupa nanga ya nyuma vikiwa bado mbali, vikaenda vikiulegeza waya. Nanga hiyo ilizuia tezi isiyumbe, na baadaye ndiyo iliyosaidia kuivuta meli itoke. Wewe huna mota, basi fanya kama LST: funga nati nzito kwenye kamba ya meta moja na nusu nyuma ya mashua, iangushe majini kabla ya kufika, ukalegeza kamba. Rudia mawimbi uone tofauti. Halafu toa jipu, omo itapanda yenyewe, vuta kamba ya nanga, na mashua itarudi majini bila mtu kuigusa.

Jaribio la pili ni la Tarawa. Chukua jiwe pana la bapa, liweke mbele ya ufuko, acha juu yake maji ya sentimeta 4. Kwa kipimo chetu hizo ni sentimeta 80. Vuta. Omo itapita, mkuku utakwama, na mlango ukiufungua askari wako watashukia mbali kabisa na mchanga. Tarehe 20 Novemba 1943, kwenye kisiwa cha Betio katika Tarawa, bahari ya Pasifiki, maji juu ya mwamba wa matumbawe yalikuwa machache kuliko yalivyotarajiwa. Mashua za Higgins zikakwama pale, na wanajeshi wa Marekani wakatembea majini mamia ya meta huku wakipigwa risasi. Magari yenye minyororo yanayoogelea na kupanda mwamba ndiyo yaliyofika, ila hayakutosha. Mtoto aliyefanya jaribio hili kwa mkono wake hatauliza tena kwa nini nilimtuma ziwani na fimbo.

Badilisha kidogo: toa jiwe, weka tuta la mchanga, na nyuma ya tuta acha shimo lenye maji mengi. Mashua itagusa tuta, utadhani umefika. Fuso litashuka kwa fahari na kuzama shimoni. Nahodha mzuri hupapasa mbele kwa mti mrefu kabla ya kulegeza mlango.

La tatu ni letu hasa, la changarawe. Mwaga changarawe ya lava juu ya mchanga, shusha gari lenye magurudumu laini. Yatazunguka palepale. Huko Dieppe, Ufaransa, tarehe 19 Agosti 1942, baadhi ya vifaru vya aina ya Churchill vilinasa kwenye mawe ya ufuko namna hiyohiyo, na miaka miwili baadaye Waingereza walikwenda Normandy wakiwa na vifaru vya kutandika zulia la turubai mbele yao. Kata kipande cha gunia cha upana wa mlango, kifunge kwenye ncha ya mlango kwa nje, kitajitandaza chenyewe ukilala. Wenye Fuso zinazonasa barabarani wanajua kazi ya gunia, sina la kuwaongezea.

Ziwani nenda asubuhi, maji yakiwa yametulia na wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wakirudi. Kivu haina maji kupwa na kujaa. Huko Normandy bahari hupanda na kushuka zaidi ya meta 5, ndiyo maana walifika maji yakiwa chini yanaanza kupanda: vizuizi vilionekana, na mashua iliyokwama iliweza kuinuliwa na maji yanayokuja. Sisi tukikwama, tumekwama, mpaka tupunguze mzigo. Watoto wasipite magotini, na kila mashua ifungwe mshipi. Jihadhari pia na mazuku, hewa ya sumu itokayo ardhini: kwenye mabonde na mashimo karibu na ziwa, hasa asubuhi bila upepo, hewa ile nzito hulala chini na huwezi kuiona. Ukikuta panya au ndege amekufa shimoni bila jeraha, ondoa watoto hapo mara moja, mtafute mahali palipoinuka.

Atakayemaliza hii akitaka kubeba kifaru, aunde LCM ya aina ya tatu, mashua kubwa zaidi ya kushushia. Halisi ina meta 15.2 kwa 4.3, ilibeba kifaru kimoja cha tani 30 au watu 60. Kwa kipimo chetu ni sentimeta 76 kwa 21 na nusu, na kifaru peke yake kitakuwa na gramu 3,750. Hiyo ilikuwa ya chuma. Kwa triplexi tumia ya milimeta 5, mataruma yakaribiane kila sentimeta 6, na mlango uufanye wa mbao nzima yenye bawaba tatu, maana bati la kopo litapinda chini ya kifaru.